Unaposali na kuhisi Mungu yuko mbali

Ndugu yangu, umesema unasali kila asubuhi lakini unajisikia kama unamsomea Mungu barua ya kuomba kazi. Nakuelewa, nilikaa hapo miaka mingi.

Anza kumwambia mambo madogo. Mimi huongea naye nikiosha vyombo: mikono imo kwenye povu, namweleza nani kaniudhi leo na jinsi nilivyomjibu vibaya. Sifumbi macho wala sibadilishi sauti. Kutoka 33:11 inasema Bwana alisema na Musa uso kwa uso, kama mtu asemavyo na rafiki yake, na Musa huyohuyo alimlalamikia waziwazi. Basi ukiwa na hasira, mwambie. Zaburi ya 13 inaanza kwa kuuliza "hata lini?"

Kisha nyamaza. Hapa ndipo wengi tunaposhindwa. Tukimaliza kusema, tunaondoka. Kaa dakika 5 na mstari mmoja tu wa Injili. Siku nyingine hutasikia chochote, na bado mtakuwa mmekaa pamoja.

Sala za asubuhi usiziache. Ila leo, kabla hujalala, mweleze siku yako ilivyokwenda, ukianza na lile jambo ambalo hujamwambia mtu.