Mama wa kwenye basi ananipigia kila jioni

*Shangazi, shikamoo. Mwezi uliopita nilipanda basi Mbezi kwenda Tanga, nikakaa siti moja na mama mtu mzima nisiyemjua. Tulipofika Chalinze akaniangalia sana, machozi yakamtoka. Akasema nimefanana na binti yake aliyefariki. Alinishika mkono njia nzima. Alipokaribia kushuka Muheza, akatoa kanga mpya, akaichana doti katikati kwa meno, akanipa upande mmoja, tukapeana namba. Sasa ananipigia kila jioni na ananiita jina la marehemu. Mume wangu anasema ni tapeli, au kanga ina mambo yake, nimfungie simu. Nifanyeje?*
*Mama Junior, Tabata*

Marahaba, mwanangu. Usimfungie.

Barua yako nimeisoma asubuhi na nimeirudia usiku, na kila mara nakwama pale alipochana doti kwa meno. Tapeli hakugawii nusu ya nguo yake.

Ila mumeo usimwone mbaya. Sote tumechoshwa na ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na anaogopa kwa ajili yako. Kama wiki zote hizi mama huyo hajakuomba hata vocha, mwonyeshe hilo. Siku akiomba hela, mwambie mumeo kabla hujamjibu. Ya kanga kuwa na mambo siyaamini kabisa: doti ambayo haijakatwa ni nguo ya dukani, marehemu hakuwahi kuivaa.

Kinachonigusa ni lile jina. Mama yangu, Mungu amrehemu, alimzika dada yangu, na kwa muda mrefu akawa ananiita mimi kwa jina lake. Nilikuwa naitika tu, naogopa kumuumiza. Siku moja tukichambua mchele nikamwambia, "Mama, ni mimi, mdogo wake." Akanishika kidevu kwa mkono wenye vumbi la mchele, akasema, "Najua. Ulimi ndio haujajua." Tukalia, halafu tukaanza kumzungumza dada kwa mara ya kwanza tangu msibani.

Basi na wewe usiitike jina lisilo lako. Akipiga, msalimie vizuri, mtajie lako, kisha mwulize habari za binti yake: alipenda kula nini, alikuwa mcheshi au mkimya? Huenda nyumbani kwake wameacha kumtaja wakidhani wanamhurumia.

Kila jioni ni nyingi kwa mwenye familia, hilo nalo mwambie. Chagueni siku moja au mbili za wiki, na upige wewe, asikae anaitazama simu.

Mkienda tena Tanga, shuka Muheza na mumeo, mchana. Mpelekeeni sukari na majani ya chai, na mumeo amwamkie kwa mdomo wake mwenyewe. Kanga ile jifunge siku hiyo.

Shangazi