Maswali ya Wasomaji: Nabii Naye Apimwe

Safu ya mwezi huu imebeba barua tatu kutoka Dar es Salaam, na zote zinahusu huduma za kipentekoste na za kikarismatiki. Barua zimefupishwa, na mambo yanayoweza kumtambulisha mtu yameondolewa.

SWALI: Shikamoo Mchungaji. Mimi ni Mlutheri wa Tabata. Mdogo wangu wa tumbo moja alihama usharika mwaka jana na sasa anasali kwenye huduma ya nabii mmoja. Sikatai kwamba amebadilika, kwa maana ameacha pombe na anaomba kuliko mimi. Lakini alichukua mkopo wa VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa) akautoa wote kuwa sadaka ya mbegu, ananunua maji na mafuta ya upako kila wiki, na ameacha dawa za presha kwa kuwa aliambiwa kwamba kuendelea kumeza vidonge ni kukiri kuwa hajapona. Nabii alimtajia mtaa tuliokulia, kisha akamwambia kwamba anayemfunga ni mwanamke wa ukoo wa baba, na tangu siku hiyo hamsalimu shangazi yetu. Nikisema neno ananijibu kwamba nisiwaguse masihi wa Bwana, yaani wapakwa mafuta wake. Je, ninampinga Roho Mtakatifu? (Dada wa Tabata)

JIBU: Marahaba, dada yangu. Nianze na dawa, kwa sababu hilo halingoji mjadala wa kitheolojia. Mfuate mdogo wako wiki hii hii na umsihi mwende pamoja kliniki akapimwe. Shinikizo la damu mara nyingi halina dalili, na mtu anaweza kujisikia mwepesi kabisa baada ya maombi huku akikaribia kiharusi, kwa hiyo kujisikia vizuri hakuthibitishi uponyaji. Yesu alipowatakasa wakoma kumi aliwaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani (Luka 17:14), yaani kwa watu waliopewa na Torati kazi ya kumkagua mgonjwa na kutamka kama amepona. Aliyeponywa kweli hapungukiwi kitu akipimwa, na daktari ndiye atakayesema kama dawa zipunguzwe au ziachwe. Tena Paulo, ambaye hakuna anayemshuku kwa upungufu wa imani, alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, na alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa (2 Timotheo 4:20). Hatusomi popote kwamba alimlaumu Trofimo kwa ukiri mbaya.

Sasa nije kwenye swali lenyewe. Maneno ya Zaburi 105:15, “Msiwaguse masihi wangu,” yanawahusu Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wageni wanaotangatanga kati ya mataifa, na yanawaonya wafalme wasiwadhuru. Kuyageuza kuwa kinga ya mhubiri asiulizwe swali ni kuyatumia kinyume na mahali yalipo. Daudi alikataa kumwua Sauli kwa sababu alikuwa masihi wa Bwana, lakini dakika hiyo hiyo alisimama nje ya pango na kumweleza kosa lake mbele ya askari elfu tatu. Paulo alimpinga Petro ana kwa ana kule Antiokia. Na kwa kanisa la Korintho, ambalo karama zilikuwa nyingi kuliko utaratibu, aliagiza kwamba manabii wanene wawili au watatu, na wengine wapambanue (1 Wakorintho 14:29). Hapo ndipo ninapoona kasoro kubwa ya huduma nyingi zinazoota sasa katika jiji letu. Zimeuchukua unabii wa sura ile na kuiacha nusu ya pili ya aya, kiasi kwamba nabii hunena peke yake, tena kwa kipaza sauti, na wale “wengine” waliopewa jukumu la kupambanua wamebaki kupiga makofi. Kwa hiyo ukiuliza kwa upole humpingi Roho, bali unafanya kazi ambayo Roho mwenyewe aliwapa waumini.

Mdogo wako atakujibu kwamba nabii alijua mtaa wenu. Pengine alijua kwa ufunuo, na pengine aliambiwa na wahudumu wanaoandikisha wageni mlangoni. Katika mji ambao watu huanika maisha yao yote kwenye simu, jina la mtaa si siri kubwa. Lakini tuseme alijua kwa njia isiyo ya kawaida. Kumbukumbu la Torati 13 inazungumzia nabii ambaye ishara yake inatimia kweli, na hata hivyo watu wanakatazwa kumsikiliza kwa sababu ya mahali anapowapeleka. Kule Filipi, kijakazi mwenye pepo wa uaguzi alitangaza habari sahihi kabisa juu ya Paulo na wenzake, nayo Biblia inaongeza kwamba aliwapatia bwana zake faida nyingi. Usahihi wa habari hautoshi kututambulisha roho iliyoitoa.

Na angalia habari ile ilimpeleka wapi mdogo wako: kwenye uadui na shangazi. Wazee wetu wanaufahamu mtindo huo. Mgonjwa alipokwenda kwa mganga, aliambiwa kwamba aliyemroga ni mtu wa nyumbani, maelezo yakawa ya jumla kiasi kwamba mgonjwa mwenyewe alimalizia kwa kumchagua mtu aliyekwisha kumchukia. Ninasikitika kusema kwamba baadhi ya madhabahu zinazojitangaza kuvunja nguvu za giza zimeurithi utaratibu huo mzima, zikabadili mavazi na nyimbo tu. Ezekieli 18 inakataa kata kata wazo kwamba mwana huchukua uovu wa baba yake, na aliye ndani ya Kristo hana sababu ya kumtafuta shangazi wa kumlaumu kila biashara inapokwama.

Kuhusu mbegu, ni vizuri ujue kwamba fundisho hili halikutoka kwa mitume. Lilikuzwa Marekani katika karne ya 20. E. W. Kenyon, aliyefariki mwaka 1948, alifundisha juu ya nguvu ya ukiri wa kinywa, Oral Roberts akaeneza wazo la kutoa fedha kama mbegu inayosubiri mavuno, na Kenneth Hagin wa Tulsa, Oklahoma, akaandaa wahubiri wengi waliolibeba duniani kote. Wachache hapa kwetu wanajua kwamba Hagin mwenyewe, mwaka 2000, akiwa mzee, aliandika kitabu cha kuwaonya wanafunzi wake waliokuwa wamevuka mipaka katika habari za fedha. Sipingi kutoa. Fungu la kumi, malimbuko na shukrani zimejenga makanisa na zahanati za nchi hii. Ninachopinga ni bei. Elisha alikataa zawadi ya Naamani baada ya kumponya, na mtumishi wake Gehazi aliyemkimbilia mgeni yule njiani akajipatia talanta mbili za fedha alirudi na ukoma. Didake, mwongozo wa kanisa wa zamani sana ambao wataalamu wengi huuweka mwishoni mwa karne ya kwanza au mwanzoni mwa ile ya pili, unasema kwamba nabii anayesema katika roho “nipe fedha” asisikilizwe, isipokuwa anaomba kwa ajili ya wahitaji wengine. Chupa ya mafuta yenye bei ndogo na bei kubwa kulingana na ukubwa wa tatizo ingewashangaza sana Wakristo wale.

Msidhani basi kwamba balaa hili ni la wapentekoste peke yao. Mwaka 2011, maelfu ya watu walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500 kwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri, wengine wakafia njiani, na wapo walioacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Februari 1, 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana walipokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Katika matukio yote mawili tatizo halikuwa kwamba watu waliamini Mungu anaponya. Waliamini hivyo kwa haki. Tatizo ni kwamba uponyaji ulikuwa umefungwa kwenye kitu na kwenye mtu mmoja, hivyo kila mmoja akaona lazima afike kwanza.

Unapozungumza na mdogo wako, usianze na nabii. Anza na mabadiliko uliyoyaona, mwambie kwamba unamshukuru Mungu kwa kuacha kwake pombe, na usimnyang'anye hilo, kwa kuwa huenda ndilo jambo la kweli kuliko yote lililompata huko. Kisha mwombe akuulizie mambo machache: huduma hiyo imesajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya kwa jina la nani, mweka hazina ni nani na husoma hesabu mbele ya nani, na kama yupo mzee hata mmoja anayeweza kumwambia mtumishi “hapana” na bado akabaki mzee. Deni la VICOBA mlipeleke kwenye kikundi kwa uwazi na muombe kupangiwa marejesho, maana wadhamini wake nao wana watoto.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mwanafunzi, ninaishi Mbagala. Katika fellowship yetu nimeambiwa kwamba asiyenena kwa lugha hajapokea Roho Mtakatifu. Wiki iliyopita walinizunguka wakaniambia nirudierudie neno moja haraka mpaka ulimi uteleze. Nilirudi nyumbani nikiwa na huzuni. Je, sina Roho?

JIBU: Asifiwe milele, kijana wangu. Paulo anauliza, “Wote wanena kwa lugha?” na namna anavyouliza haimwachii msomaji jibu jingine isipokuwa la hapana (1 Wakorintho 12:30). Katika sura ile ile anafundisha kwamba hakuna awezaye kusema Yesu ni Bwana isipokuwa katika Roho Mtakatifu. Kama unamkiri hivyo kwa moyo, swali lako limejibiwa.

Fundisho ulilopewa lina historia fupi. Charles Parham, aliyekuwa na chuo cha Biblia Topeka, Kansas, aliwafundisha wanafunzi wake kwamba lugha ndizo ushahidi wa ubatizo wa Roho, na mwanafunzi wake Agnes Ozman alinena Januari 1, 1901. William Seymour, mhubiri mweusi na mwana wa wazazi waliokuwa watumwa, alilipokea kwa Parham kule Houston, ambako kwa sababu ya rangi yake alilazimika kusikiliza masomo akiwa nje ya mlango wa darasa. Mwaka 1906 aliongoza uamsho wa Azusa Street, Los Angeles. Kanisa la Assemblies of God la Marekani liliandika fundisho hilo katika ungamo lake mwaka 1916. Lakini Seymour mwenyewe, baada ya kuona watu wanaonena kwa lugha wakiendelea kuwadharau weusi, aliacha kuzihesabu lugha kuwa ushahidi wa pekee na kuuweka upendo mahali pa kwanza. Ningependa wanaolifundisha jambo hili huko chuoni waisome habari hiyo mpaka mwisho.

Sikuambii uzidharau lugha, kwa maana Paulo anakataza kuzizuia. Anaagiza tu kwamba wanene kwa zamu, na pasipo mfasiri mtu anyamaze kanisani. Kuhusu kurudiarudia neno mpaka ulimi uteleze, karama hutolewa na Roho kama apendavyo yeye, wala haihitaji mazoezi ya kinywa. Wakikuzunguka tena, waombe kwa heshima wakuombee bila kukufundisha cha kutamka.

SWALI: Mchungaji, mimi ni mzee wa kanisa la kipentekoste, Gongo la Mboto. Tumechoka kutiwa kapu moja na manabii wa mitaani. Sisi tuna katiba, mikutano mikuu na vyuo vya Biblia. Badala ya kutusema, jiulizeni kwa nini waumini wenu wanatukimbilia. Na tushauri: mwaka huu nabii amekodi ukumbi jirani nasi, na vijana wetu wanakwenda kwenye mkesha wake kila Ijumaa. Tufanye nini?

JIBU: Mzee mwenzangu, una haki. Yapo makanisa ya kipentekoste nchini yenye nidhamu ambayo baadhi ya madhehebu ya zamani yameipoteza, na baadhi ya maonyo makali kuliko yote yametoka kwa watu wasiotilia shaka miujiza. Wanatheolojia wa Kiafrika wa Vuguvugu la Lausanne, mtandao wa kimataifa wa uinjilisti, waliokutana Akropong, Ghana, mwaka 2008 na 2009, walikiri waziwazi uwezo wa Mungu wa kutenda miujiza, kisha wakakataa wazo kwamba uwezo huo unaweza kuendeshwa kwa maneno, mbinu au ibada za binadamu. Tena Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kufika Bukoba kupitia Uganda, ulikuwa na machozi, mapambio na mikesha kama yenu. Tofauti yake na haya ya leo ni mwelekeo wa mali: walokole wale walitubu hadharani na kurudisha walivyoiba, wala hapakuwa na mtume mmoja aliyekusanya.

Na waumini wetu wanakuja kwenu kwa sababu huku kwetu, kwenye madhehebu ya zamani, mgonjwa anaweza kulala miezi mitatu bila kutembelewa na mtu isipokuwa mgawaji wa bahasha za mavuno. Yakobo 5:14 inawataja wazee wa kanisa, kwa wingi, waende kwa mgonjwa wampake mafuta. Haimtaji mtaalamu mmoja anayefuatwa na umati.

Lakini nawe nikudai kidogo. Makanisa yenu yana Baraza la Makanisa ya Kipentekoste, na sauti ya wapentekoste wenyewe dhidi ya uuzaji wa upako ingesikika kuliko yangu, ambayo huhesabiwa kuwa wivu wa madhehebu.

Kuhusu ukumbi wa jirani, msiwakataze vijana kwa vitisho, wala msimtaje nabii huyo mimbarini. Wekeni jioni moja katikati ya juma ya kuwaombea wagonjwa na wenye shida, wazee wasiopungua watatu wakiomba pamoja, mafuta yakiwa ya kanisa na bila kapu la sadaka siku hiyo. Kila anayeombewa aambiwe kabla hajainuka kwamba aendelee na dawa zake mpaka daktari aseme vinginevyo. Vijana wakirudi kutoka mkesha, wawekeeni nusu saa ya kueleza walichosikia huko, Biblia zikiwa wazi, na mwacheni kila mmoja aulize.