Soma Ukingo Kabla ya Kulipa

Juma lililopita kijana mmoja, wa tatu katika muda wa mwezi mmoja, aliniletea reale ya Maria Theresa, ile sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya malkia wa Austria, akiwa na furaha ya mtu aliyeokota lulu, akanieleza kwamba ameinunua kwa bei kubwa kwa sababu imeandikwa 1780. Nilimwuliza swali moja tu: ni nani aliyemwambia kwamba iligongwa mwaka huo? Alinikodolea macho kana kwamba nimemtukania mzazi. Sikumcheka, kwa maana kosa hilo nililifanya mimi kabla yeye hajazaliwa, lakini alipoondoka niliketi kuandika haya, kwa kuwa nimechoka kuyasema kwa mdomo, kwa mtu mmoja mmoja, na kila mara baada ya pesa kwisha kutoka mfukoni.

Ninawaandikia ninyi ambao tayari mna mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, lenzi ya kukuza mara 10 na katalogi, na ambao hamshiki uso wa sarafu kwa vidole. Asiye na vitu hivyo asinunue chochote kwa sasa.

1. Tarehe si umri. Maria Theresa alifariki mwaka 1780, na reale yake ikaendelea kugongwa kwa tarehe ileile, kwa sababu wafanyabiashara wa Uarabuni, Uhabeshi na pwani ya Afrika Mashariki waliizoea sura hiyo na hawakutaka nyingine. Iligongwa Vienna, na katika karne ya 20 ikagongwa pia Rome, London, Paris, Brussels na Bombay, yote ikisema 1780. Ni fedha ya kweli, haina ughushi wowote: gramu 28.07, usafi wa 833 kwa 1,000. Wajuzi hutofautisha matoleo kwa manyoya ya mkia wa tai na kwa lulu za kishikizo cha begani, na tofauti hizo ndizo zinazolipiwa. Ile ya kijana wangu ilikuwa toleo la juzijuzi, yenye thamani ya fedha iliyomo na labda chai juu yake. Nilipomwambia hivyo alinijibu kwamba muuzaji alikuwa mzee mwenye heshima. Sikumkatalia. Hata mzee mwenye heshima anaweza kuwa hajui anachokiuza, na hilo ni baya kuliko mwongo, kwa sababu macho yake hayapepesi.

2. Tafuta sakafu ya bei kabla ya kutazama dari. Lugha yetu imeyaita madini na pesa kwa jina moja, na mimi huona kwamba nusu ya makosa ya wageni huanzia hapo, kwa kuwa huiona fedha wakadhani wameona thamani yote. Zidisha uzito wa gramu kwa usafi (900 kwa 1,000 ni 0.9), gawanya kwa 31.1035, yaani gramu za aunsi moja ya fedha, utapata aunsi za fedha safi. Zidisha kwa bei ya soko ya siku hiyo. Dola ya Morgan ya Marekani ina gramu 26.73 kwa usafi wa 900, kwa hiyo fedha safi ni gramu 24.06, yaani aunsi 0.77. Hiyo ndiyo sakafu. Chochote unachoombwa juu yake kinapaswa kuelezwa kwa uadimu, kwa hali ya sarafu au kwa vyote viwili, na muuzaji akishindwa kueleza, sakafu ndiyo bei.

Usafi wenyewe usiukisie kwa rangi. Uingereza ilitumia fedha ya 925 hadi 1919, ikashuka hadi 500 kuanzia 1920, na kuanzia 1947 sarafu zake za kawaida za matumizi hazikuwa na fedha kabisa, zilikuwa shaba na nikeli. Mwanafunzi wangu mmoja alinunua nusu-krauni za 1921 kwa hesabu ya zile za 1911. Ni mtu mzima sasa na hapendi nikumbushie.

3. Sumaku humnasa mghushi mpumbavu tu. Fedha haivutwi na sumaku, sawa, lakini shaba na risasi nazo hazivutwi. Kipimo cha maji ndicho kinachosema: pima sarafu ikiwa kavu, kisha ipime ikiwa imening'inizwa kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini, gawanya uzito mkavu kwa tofauti. Fedha ya 900 iliyochanganywa na shaba hukupa takriban 10.3, ukipata 8.9 rudisha kwa mwenyewe na usibishane naye.

4. Ukingo. Hapa nitachukua muda wenu.

Nilikuwa katika mwaka wangu wa nne wa kukusanya, umri hatari kuliko yote katika kazi hii, kwa sababu mtu wa mwaka wa kwanza huuliza na mtu wa mwaka wa ishirini huhofu, lakini mtu wa mwaka wa nne hujibu. Nilikuwa nimeanza kuwafundisha wengine. Nikasikia kwamba kuna muuzaji mwenye krauni, yaani sarafu kubwa ya fedha ya Uingereza, ya malkia Victoria ya 1845, ile yenye kichwa cha ujana wake, nami nilikuwa nimeitamani krauni hiyo tangu niione kwenye katalogi. Nilikwenda na mizani yangu, lenzi yangu na akiba ya miezi mitano.

Sarafu ilikuwa ndani ya kadibodi yenye dirisha la plastiki, ya aina inayobana ukingo wote na kuacha nyuso mbili zionekane. Niliomba itolewe, ikatolewa bila kinyongo. Niliiweka kwenye mizani: gramu 28.2. Kiwango cha krauni ni 28.28, nami moyo ukaanza kwenda mbio. Nilitumia karibu robo saa nikikagua nywele za malkia, uzi kwa uzi, utepe uliofunga kisogo, kisha nikaigeuza nikakagua ngao yenye taji na majani yanayoizunguka. Nywele zilizo juu ya sikio zilikuwa zimelika kiasi cha kuonekana bapa. Nilijisemea kwamba hilo si neno, kwa umri wake. Nilijiona mpole na mwenye haki kwa kulisamehe.

Sasa sikilizeni, kwa maana jibu lilikuwa mbele yangu na nililisoma kwa sauti bila kulisikia. Sarafu iliyopita mikononi mwa watu hadi nywele zikawa bapa imepoteza fedha, na fedha iliyopotea haina budi kuonekana kwenye mizani. Krauni iliyochakaa kiasi kile ilipaswa kuwa chini ya 28 kwa mbali. Uzito wangu mzuri haukuwa mzuri hata kidogo. Ulikuwa unaniambia kwamba kuna kitu kimeongezwa. Mimi nilikuwa nimekwenda kutafuta nambari ya katalogi, nikaipata, nikashangilia kama mtu aliyepata nambari ya bahati nasibu.

Nililipa. Nilikaa na sarafu hiyo majuma matatu, nikiitoa kila jioni chini ya taa, nikiionyesha kwa wageni waliokuja kwa shida zao nyingine kabisa. Kisha nikaipeleka kwa mzee aliyenifundisha, si kwa kutaka ushauri, bali kwa kutaka sifa, na nadhani alilijua hilo tangu nilipopiga hodi. Hakutazama kichwa. Hakutazama ngao. Aliisimamisha sarafu wima kati ya kidole gumba na cha shahada, akaanza kuizungusha polepole chini ya taa kama mtu anayehesabu tasbihi, mpaka mahali fulani kidole kikasimama.

"Nisomee hapa," akaniambia.

Nilisoma: DECUS ET TUTA. Kisha palikuwa laini, upana wa ukucha. Kisha N, na baadaye ANNO REGNI VIII. Hapakuwa na M wala E. Mahali pa herufi hizo palikuwa na fedha yenye umanjano kidogo kuliko nyingine, na nilipoinamisha lenzi niliona mistari ya tupa, myembamba na sambamba, ikienda upande mmoja. Juu ya kichwa cha malkia, vijino vidogo vinavyozunguka pambizo ya uso vilikuwa vimevurugika kwa umbali uleule, na uwanja ulio chini yake ulikuwa umesuguliwa ukang'aa mng'ao usiofanana na mahali pengine. Mimi niliuona mng'ao huo robo saa nzima nikauita uzuri.

"Hiki kilikuwa kidani," mzee akasema, na akanirudishia.

Sonara alilehemu kitanzi juu yake ili ivaliwe shingoni. Mwingine baadaye akakiondoa, akajaza shimo kwa lehemu na kulainisha kwa tupa. Ile fedha ya kujazia ndiyo iliyoupandisha uzito. Na maneno yale ya Kilatini maana yake ni pambo na kinga: yaliwekwa pembeni mwa krauni za Uingereza tangu enzi za Charles II, mwaka 1662, ili mtu asiweze kunyoa fedha ukingoni bila kuonekana. Watu waliishi na kufa miaka mia tatu iliyopita wakinitengenezea onyo, wakaliandika kwa herufi kubwa kuzunguka sarafu nzima, nami nililishika kwa vidole viwili robo saa nzima, nikilifunika.

Nilirudi kwa muuzaji. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akanikumbusha kwamba niliikagua mwenyewe, kwa lenzi yangu mwenyewe, kwa muda nilioutaka mwenyewe. Kila neno lilikuwa kweli. Nilitembea kwa miguu kurudi nyumbani siku hiyo, kwa sababu mbili, na moja ni kwamba sikuwa na nauli.

Kwa hiyo: ukingo wote, mzunguko mzima, kabla ya uso. Utafute lehemu, tupa, tundu lililozibwa na mshono wa kalibu, ambao hupita katikati ya ukingo wa sarafu ya kumimina. Kwenye krauni hesabu pia mwaka wa utawala: Victoria alianza kutawala Juni 1837, kwa hiyo VIII na 1845 vinapatana, vikigombana, umeshika bandia au umeshika adimu, na mara nyingi ni bandia.

5. Usisafishe. Usisafishe kwa soda, usisafishe kwa dawa ya meno, usisafishe kwa kitambaa "laini". Weusi wa fedha ni sulfidi, hauli sarafu haraka, na chini yake kuna mng'ao wa kugongwa unaozunguka kama spoki za gurudumu unapoinamisha sarafu chini ya taa. Mng'ao huo ni mistari midogo mno ya fedha iliyotiririka chini ya shinikizo, na ukiusugua hautarudi. Wakati wa kununua, sarafu ya zamani iliyo nyeupe kila mahali kama sufuria mpya na isiyo na spoki hizo imeshasuguliwa na mtu, na bei yake ishuke. Ute wa kijani unaotokana na plastiki mbaya ndio pekee ninaouondoa, kwa asetoni safi, bila kusugua.

6. Idadi iliyogongwa si idadi iliyobaki. Marekani iliyeyusha dola za fedha zaidi ya milioni 270 kwa sheria ya Pittman ya 1918, na hakuna aliyeandika ni za miaka ipi. Kwa upande wa pili, dola ya Morgan ya 1903 yenye alama ya O, ya kiwanda cha New Orleans, ilihesabiwa miongoni mwa zilizo adimu kabisa katika hali isiyotumika, hadi 1962 Hazina ilipofungua mifuko iliyolala na sarafu hizo zikamwagika. Waliokuwa wamelipa bei ya adimu waliamka na sarafu ya kawaida. Huwa ninawafikiria watu hao ninapojihurumia kwa krauni yangu. Ya 1893 yenye S, ya kiwanda cha San Francisco, ambayo ziligongwa 100,000 tu, imebaki ghali, na kwa sababu hiyo kuna mafundi wanaobandika S kwenye dola za kawaida za mwaka huo. Angalia kwa lenzi shina la herufi pale linapogusana na uwanja, kama kuna ufa au rangi tofauti.

7. Sarafu iliyofungwa kwenye kasha la PCGS au NGC, kampuni za Marekani za kukagua sarafu, imepewa daraja katika mizani ya 1 hadi 70, na hiyo husaidia, ila makasha nayo hughushiwa, basi hakikisha nambari yake kwenye kumbukumbu za kampuni kabla hujalipa. Na ukishalinganisha bei, linganisha na zilizouzwa, si zinazoombwa.

Krauni ile bado ninayo. Haiko kwenye albamu. Iko kwenye droo ya meza, na kila mgeni anayekuja kunionyesha alichonunua mimi humpa hiyo kwanza na kumwuliza kama angeinunua. Yule kijana wa reale aliipokea kwa mikono miwili, akaisifu nywele, akaisifu ngao, akatoa mizani yake, akasoma uzito, akatabasamu. Nilimwacha. Baada ya muda, labda kwa kuwa nilikuwa kimya mno, aliisimamisha wima akaanza kuizungusha, na midomo yake ikawa inacheza anaposoma. Alipofika mahali pale alisimama, akarudi nyuma kidogo, akapapitisha ukucha mara mbili. Kisha akaniuliza kama ninaiuza, na akataja bei iliyo chini ya thamani ya fedha yake.

Nilimwongezea chai.