Barua kwa mwanangu: panga na zile digrii 90

Mwanangu,

Umeuliza kwa nini, kwa mchoro wako, fimbo ikisukumwa mbele helikopta inalalia kushoto badala ya kuinamisha pua. Ni kwa sababu umepunguza pembe ya panga (ubawa wa rota), ile ambayo panga hukata nayo hewa, likiwa mbele. Panga halifiki chini pale pale linapopunguziwa pembe. Pale linashika kasi ya kushuka, na chini kabisa linafika karibu robo duara, digrii 90, baadaye. Rota yako inazunguka kinyume cha saa ukiitazama toka juu, basi pembe iwe ndogo kabisa panga likiwa kulia, na kubwa kabisa likiwa kushoto.

Wengi hulieleza hili kwa gairoskopu, gurudumu linalozunguka kasi ambalo ukilisukuma huitikia robo duara mbele. Maelezo hayo yanafikisha kwenye digrii 90, lakini yatakuangusha bawaba, kiungo kinacholiacha panga lipande na kushuka, ikiwa mbali na kitovu. Yako iko sentimita 15, na panga lina mita 5: kwa namba ya Lock ya 8 (inayolinganisha nguvu ya hewa juu ya panga na uzito wake wa kuzuia mwendo), kichelewo, yaani safari ya panga toka pembe ndogo kabisa hadi chini kabisa, ni digrii 87 hivi. Rota isiyo na bawaba, ambayo panga hupinda lenyewe, inaweza kushuka hadi 78.

Sasa mkono wa panga, ule unaovutwa na rodi ya swoshipleti, jozi ya sahani zinazopeleka mwendo wa fimbo kwa panga: ya chini haizunguki, ya juu inazunguka na rota. Ncha yake ikae kwenye mstari wa bawaba. Ikizidi nje kidogo, panga likipanda linajipunguzia pembe na kutulia. Ikiingia ndani, likipanda linajiongezea pembe na kupanda zaidi. Huko usikaribie kabisa. Ncha ikiwa sentimita 20 mbele ya mhimili wa panga, mstari wa urefu wake ambao linajigeuzia pembe, mkono unalitangulia panga kwa digrii 53. Kati ya zile 87 zinabaki 34. Zipatie chini: hamisha sehemu ambapo servo, mota zinazofuata fimbo, zinashika sahani isiyozunguka, ili fimbo ikienda mbele sahani izame zaidi digrii 34 kulia kwa pua. Programu inaweza kuchanganya mienendo ya servo pia, ila mimi napenda vyuma vifanye kazi ya vyuma.

Usisahau mkasi, kiungo cha kukunjika kinachozungusha sahani ya juu. Bila huo rodi ndizo zitakazoiburuta, zitalala, na hesabu yote itasogea.

Kabla ya kuwasha, shikilia fimbo mbele, zungusha rota kwa mkono na upime pembe ya panga kila digrii 30. Ndogo kuliko zote ikitokea kwingine kusiko karibu na digrii 87 kabla ya pua, rudi kwenye servo kwanza, rodi uziache.

Mamako