Dawa ya kulevya au dawa changamshi?

SWALI: Mwalimu, mimi ni muuguzi katika zahanati moja hapa Nairobi. Juzi nilimweleza mama mmoja kwamba mwanawe, ambaye hawezi kutulia wala kumakinika darasani, ameandikiwa methilifenideti, nikaiita dawa ya kulevya. Aliondoka bila kuichukua. Je, nilikosea Kiswahili?

JIBU: Ndugu muuguzi, ulikosea, ingawa kosa hilo si lako peke yako. Kitenzi "levya" kimetokana na "lewa", na mlevi tunamjua: hupepesuka, akili humpotea, kisha husinzia. Methilifenideti haifanyi hivyo. Huzuia seli za ubongo zisifyonze upesi dopamini na noradrenalini zilizokwisha kutolewa, nazo ni kemikali zinazosaidia umakini. Ndiyo maana hupewa watoto wa aina hiyo, na pia watu wanaozidiwa na usingizi mchana kutokana na maradhi. Lakini "dawa za kulevya" limekuwa jina la magazetini na la mahakamani la kila kitu kinachodhibitiwa, kiwe cha kulaza kama heroini au cha kukesha kama kokeini, hata maana ya kitenzi chenyewe ikasahaulika. Matumizi hayo yameshaota mizizi na sishauri mtu ajaribu kuyang'oa, ila mzazi akilisikia jina hilo zahanatini, ataona polisi kabla ya kumwona daktari.

Ninapendekeza "kichangamshi", na likiwa kivumishi, "dawa changamshi". "Kichocheo" lingefaa, ila katika kemia limekwisha kuchukuliwa kuwa jina la kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kwisha. "Kisisimuzi" hunikumbusha hadithi za majini.

Walaji wa miraa wanalijua jambo hili kuliko sisi wa kamusi. Mla miraa wa Eastleigh hakwambii amelewa. Hukwambia amepata handasi, yaani ule uchangamfu wa miraa. Katinoni iliyomo katika majani hayo ina kiunzi kilekile cha amfetamini, dawa changamshi nyingine, isipokuwa kwamba kwenye kaboni moja atomu ya oksijeni imekaa mahali pa haidrojeni mbili. Jani likinyauka, katinoni hugeuka kuwa katini, ambayo nguvu yake ni ndogo zaidi, na hiyo ndiyo sababu ya mafungu kufungwa kwa majani ya migomba na magari ya kutoka Meru kukimbia namna ile.

Mama yule akirudi, mwambie hivi: "Mtoto ameandikiwa dawa changamshi ya kumsaidia kumakinika. Inaweza kumpunguzia hamu ya kula na kumchelewesha kulala, kwa hiyo asiinywe jioni, wala asigawiwe mtu mwingine, kwa sababu ni dawa inayodhibitiwa."