Shashi ya Kooni Katika Upasuaji wa Kinywa na Uso: Majibu kwa Wasomaji

Swali: Daktari, nimeambiwa kwamba nikiwa usingizini nitawekewa shashi kooni. Ina kazi gani?

Jibu: Mgonjwa akishalala kwa nusukaputi na kupitishiwa mpira wa kupumulia, shashi iliyoloweshwa huwekwa nyuma ya ulimi ili inyonye damu na kunasa vipande vya jino au mfupa. Hata hivyo, mpira huo kwa kawaida una puto dogo linalojazwa hewa, na puto hilo ndilo kinga kuu ya mapafu.

Swali: Je, huzuia kutapika baada ya upasuaji?

Jibu: Imani hiyo imeenea kwa sababu damu iliyomezwa huleta kichefuchefu, lakini tafiti hazijaithibitisha. Mwaka 2018, vyama vya kitaaluma vya Uingereza, vikiwamo vya madaktari wa upasuaji wa kinywa na taya na wa masikio, pua na koo, vilipendekeza kwamba wataalamu wa usingizi waache kuiweka kwa mazoea. Naafiki kabisa: anayeiweka awe na sababu anayoweza kuitaja.

Swali: Madhara yake ni yapi?

Jibu: Koo huuma, na pengine huchubuka. Hayo hupona. Linalonitia hofu ni shashi kusahauliwa, kwa maana mpira ukiondolewa nayo ingali kooni, yaweza kuziba njia ya hewa, na wapo wagonjwa waliopoteza maisha kwa namna hiyo.

Swali: Basi huhakikishwaje kwamba imetolewa?

Jibu: Tangu mwaka 2009, mwongozo wa usalama wa Uingereza umetaka kuwe na alama ya kuonekana kwa macho pamoja na kumbukumbu ya maandishi. Alama yaweza kuwa kibandiko kwenye paji la uso, au ncha ya shashi iliyoachwa nje ya kinywa. Kumbukumbu huandikwa ubaoni na katika hesabu ya vifaa, na kuwekwa kwake hutangazwa kwa sauti kama kutolewa kwake. Kabla ya mpira kuondolewa, koo hufyonzwa na kutazamwa kwa taa, kwani bonge la damu nalo hujificha nyuma ya kaakaa laini.

Swali: Taya zangu zitafungwa kwa waya. Kuna tofauti?

Jibu: Ipo, tena kubwa. Shashi sharti itolewe kabla ya waya kukazwa, maana baada ya hapo kinywa hakifunguki mpaka waya zikatwe. Muulize daktari wako mapema ni nani atakayeithibitisha.