Kabla Hujapanda Farasi kwa Ajili ya Mchango Katika Bara la Australia

Swali la kwanza ninaloulizwa kuhusu safari za hisani za farasi huku Australia ni la tandiko: ninunue la aina gani? La pili ni la nyoka. Sijapata mtu wa kuniuliza nani alilipia dizeli ya lori la maji, na mimi ningeanzia hapo hapo.

Safari ya farasi mbali na miji ni ghali. Kuna lori la kubebea wanyama, gari la maji, marobota ya majani makavu, daktari wa mifugo, fundi wa kupiga viatu vya chuma, na watu wenyewe wanaotaka kula jioni. Sasa wewe ingia kwenye kundi la WhatsApp la watu wa nyumbani, ambako wiki iliyopita walichangia kusafirisha maiti na wiki hii kuna bili ya hospitali, ubandike picha yako juu ya farasi ukiomba mchango. Watakunyamazia, na wana haki. Atakayejibu ni yule mzee mmoja asiyeona haya: "Kwa hiyo tukulipie utalii?"

Gharama zako zilipe kwa mshahara wako, zote, hata sabuni. Uwaambie watu hivyo mapema, kwa maandishi. Kisha uwaelekeze moja kwa moja kwenye ukurasa wa shirika unalolichangishia, pesa zisipite mkononi mwako kabisa. Shirika lililosajiliwa vizuri huwapa risiti yao, na kwa sheria za kodi za hapa mchango wa kuanzia dola 2 kwa shirika lenye kibali hicho hupunguzwa kwenye hesabu ya kodi. Shida ni ndugu walio Kenya wanaotaka kutuma mia mbili mia tano kwa M-Pesa. Hao watafutie mweka hazina mmoja ambaye hapandi farasi, akusanye, alipe kwa mkupuo, apige picha risiti na kuibandika kundini usiku huo huo. Kazi hiyo usiichukue wewe. Utakuwa porini huna mtandao, na kimya cha mtu mwenye pesa za watu huzaa maneno.

Sisi tulichangishia Royal Flying Doctor Service, madaktari wanaowafuata wagonjwa kwa ndege, na kuwaeleza watu wa Afrika Mashariki hakukuwa na ugumu. Nilisema tu: ni kama wale Flying Doctors wa uwanja wa Wilson, ila hawa wametangulia. Mchungaji John Flynn alianzisha huduma hiyo mwaka 1928 pale Cloncurry, Queensland, kwa ndege iliyokodiwa kutoka Qantas, na mwaka uliofuata Alfred Traeger akaja na redio ya kukanyagwa kwa miguu, ili mwenye shamba asiye na umeme aweze kumwita daktari. Ile yetu ya Nairobi, iliyokuja kuitwa AMREF, ilianzishwa mwaka 1957 na madaktari watatu wa upasuaji: Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees. Mama yangu mdogo aliyepo Lamu, ambaye amewahi kuona ndege ikishuka Manda kumchukua mgonjwa, hakuhitaji maelezo zaidi. Chagua hisani ambayo watu wako wanaweza kuiona kwa macho yao namna hiyo. Ukilazimika kuieleza kwa kurasa mbili, utachoka wewe na watachoka wao.

Tulipita kwenye Oodnadatta Track, jimbo la Australia Kusini, kipande cha kutoka Marree kwenda William Creek, kama kilomita 200. Njia hiyo haikuchorwa kwa bahati. Chini ya zaidi ya sehemu moja kwa tano ya bara hili kuna maji yaliyohifadhiwa kwenye miamba, Great Artesian Basin, na huku pembezoni mwake yanatokeza juu kwa chemchemi. Wenyeji Waarabana wamezijua chemchemi hizo tangu kale. Laini ya telegrafu, ile simu ya maandishi ya waya, ya mwaka 1872 ikazifuata, kisha reli ya zamani ya Ghan, maana garimoshi la mvuke lisipopata maji haliendi. Reli iliachwa mwaka 1980 na mataruma yake bado yapo mchangani. Nasi tulifuata mstari huo huo kwa sababu ile ile.

Lakini usidhani kuwepo kwa maji ndiko kunywa. Maji ya kisima kirefu cha huku yanaweza kutoka ya moto, na yana madini na harufu. Farasi aliyezoea maji ya bomba atayanusa, atainua mdomo wa juu, atageuka aondoke. Mwenye kiu! Wazoefu wana dawa yake: wiki kadhaa kabla ya safari mtilie farasi molasi kidogo kwenye ndoo nyumbani, mpaka aijue ladha hiyo. Ukifika kwenye maji mageni, weka molasi ile ile, atakunywa bila swali. Farasi wa kilo 450 aliyetulia anahitaji lita 25 na zaidi kwa siku, na akifanya kazi juani mara mbili ya hapo ni kawaida. Zidisha kwa idadi ya farasi wenu ndipo uamue ukubwa wa tangi. Sio kinyume chake.

Kila kituo, kabla hujafungua hata chupa yako, mkague farasi. Finya ngozi ya shingo na uiachie: irudi mara moja. Ikibaki imesimama kama kunjo la kitambaa, maji yamempungukia. Bonyeza ufizi kwa kidole gumba hadi uwe mweupe, kisha uhesabu. Wekundu urudi ndani ya sekunde mbili. Weka sikio ubavuni chini ya kiuno usikie tumbo likinguruma. Tumbo lililonyamaza ni habari mbaya, kwa kuwa farasi hawezi kutapika, na msokoto wa tumbo unaweza kumuua. Mapigo ya moyo ya farasi aliyetulia ni kati ya 28 na 44 kwa dakika. Sisi hatukumruhusu farasi yeyote kuendelea kama baada ya nusu saa ya kupumzika alikuwa bado juu ya 60. Mmoja wetu alikasirika, farasi wake akapanda lori siku hiyo. Akasirike tu.

Nije kwenye mgongo. Waliolelewa Lamu wanajua ninachosema, maana kila mtaa pale umeona punda mwenye kidonda pale matandiko yanapokaa, na umeona jinsi kidonda hicho kisivyopona mwenye punda akiwa na haraka. Farasi ni hivyo hivyo. Watu huogopa jangwa, joto na kiu, ilhali mambo yanayomtoa farasi safarini ni madogo: tandiko lisilomkaa, mkanda wa tumbo uliofungwa juu ya mchanga, blanketi lililokunjamana upande mmoja. Kwa hiyo jibu la swali la tandiko ni kwamba halichaguliwi kwa makalio yako. Jioni ukilivua, tazama jasho. Mgongo uliolowa sawasawa ni mzuri. Ukiona kiraka kikavu katikati ya sehemu iliyolowa, hapo tandiko linakandamiza, na kesho pataanza kuvimba. Kisha pitisha kiganja kilichonyooka kutoka pale shingo inapoishia hadi kiunoni, kwa uzito kidogo. Akijikunja au akipeleka masikio nyuma, amekujibu. Blanketi lifuliwe au angalau likung'utwe na kuanikwa kila jioni, hata kama umechoka kiasi cha kutamani kulala na buti.

Uzito nao. Kipimo kinachotumiwa sana ni kwamba mpandaji pamoja na tandiko na mizigo yake wasizidi sehemu moja kwa tano ya uzito wa farasi. Kwa farasi wa kilo 450 hiyo ni kilo 90, na tandiko peke yake linaweza kula kumi. Jipime ukiwa umevaa.

Na ushuke. Hili ndilo ningelirudia mara kumi kama ningekuwa na nafasi: shuka utembee. Mwendo wa kawaida wa farasi ni kama kilomita 6 kwa saa, nawe ukiwa na miguu mizuri humpunguzii kitu. Sisi tulikuwa tukishuka kila saa kwa dakika kumi hivi, na kipande cha mwisho kabla ya kambi tulikivuka kwa miguu tumeshika hatamu, ili afike mwili umepoa na mgongo umepumua. Kwenye nyanda za mawe mekundu madogo, ambazo huku ni nyingi, hapo ndipo unaposhuka bila kuambiwa. Mchakamchaka utumie mahali penye udongo laini tu. Ya kupiga mbio waachie wacheza sinema. Kwa hiyo mazoezi yako ya miezi ya kabla yasiwe ya kupanda peke yake. Tembea. Panda vilima na buti zile zile utakazovaa.

Mwili wako una mahitaji machache lakini hayasameheki. Suruali isiyo na mshono upande wa ndani wa mapaja, na vaselini kwa wingi, asubuhi kabla hapajauma. Kofia ngumu, hata kama picha za wafugaji wa huku zinaonyesha kofia pana za ngozi. Kikoi shingoni kilinifaa kuliko kila nilichonunua dukani: kinazuia jua, kinafunga pua vumbi likija, usiku kinakuwa shuka. Rangi yetu haitukingi midomo, pakaza mafuta ya jua. Nzi watakuingia puani na machoni mchana kutwa. Nunua wavu wa uso, wako na wa farasi. Nenda kati ya Mei na Septemba. Miezi ya Desemba na Januari joto la zaidi ya nyuzi 40 si ajabu, na hakuna hisani inayodai umwue mnyama. Ila usidanganywe na neno jangwa: usiku wa Julai nilivaa kila kitu nilichokuwa nacho na bado meno yaligongana.

Kuhusu nyoka: wapo, nasi hatukuwakanyaga. Vaa buti, piga tochi, usiingize mkono usipoona. Kinachonitia hofu zaidi ni mmea. Pande za ndani za nchi kuna mmea wa jamii ya kunde utambaao chini, uitwao Birdsville indigo, ambao farasi akiula kwa siku nyingi huharibu neva zake, akaanza kuburuta kwato za nyuma na kukonda. Majani yake mabichi yanavutia pale nyasi zilipokauka. Muulize mwenye shamba kama upo kabla ya kumwachia farasi malishoni. Majani makavu ya luseni mliyobeba yana faida mbili: yanamshibisha farasi, na yanajulikana kupunguza makali ya sumu hiyo.

Mashamba mnayopita yana wenyewe. Ombeni ruhusa mapema. Geti mkilikuta wazi liacheni wazi, mkilikuta limefungwa lifungeni, maana mwenyewe ana sababu zake na ng'ombe wake. Magharibi ya Marree mtavuka ua mrefu wa kuzuia mbwamwitu dingo, wenye urefu wa zaidi ya kilomita 5,600. Na mkilifikia ziwa la Kati Thanda, ambalo wengi hulijua kama Lake Eyre, msikanyage chumvi yake. Waarabana wameomba hivyo, na kwa upande wangu ombi la mwenye nchi linatosha.

Simu ya kawaida hushika mtandao Marree, kisha mnaagana. Kila kundi liwe na simu ya setilaiti na kifaa cha kutoa ishara ya dharura, na kifaa hicho kikae mwilini mwa mtu, kwenye mfuko uliofungwa kwa zipu. Usikifunge kwenye tandiko. Farasi akikuangusha na kukimbia, ataokolewa yeye.

Wanaotoka nje ya Australia na vifaa vyao: tamko la forodha liandikwe kweli. Buti, tandiko na hatamu zisuguliwe hadi kwenye mishono, kusibaki udongo wala unyoya. Maofisa wa hapa hukagua kweli kweli, hasa ukisema umekuwa karibu na mifugo.

Jambo la kando kwa Waislamu watakaopita njia hiyo: Marree palikuwa mji wa wachunga ngamia waliotoka Afghanistan na nchi za jirani karne ya kumi na tisa. Ndio waliobeba mizigo ya bara hili kabla ya malori, na jina Ghan limetokana nao. Walijenga msikiti wa udongo hapo, na mfano wake umesimamishwa upya. Mitende bado ipo. Toka mapema kidogo siku hiyo, uone.

Mkifika mwisho, mtataka kupakia farasi jioni ile ile mrudi mjini mkaoge. Msifanye hivyo. Mwacheni alale hapo, ale, anywe, daktari amtazame akitembea asubuhi misuli ikiwa imepoa, kwa sababu kilema cha safari ndefu mara nyingi huonekana kesho yake. Halafu ndiyo mmpakie, na njiani msimame kila baada ya saa chache kumpa maji. Molasi iliyobaki usiitupe.